Nusu Kikombe cha Mawese

Jambo zima liligharimu mizunguko elfu mbili mia nane na themanini. Nimeihesabu mara mbili, kwanza kwa kichwa nikiwa juu ya bodaboda, kisha kwa kalamu nyuma ya daftari la dukani, na jibu ni lilelile. Ingekuwa fedha ningejua la kufanya. Ningelalamika hali ngumu, ningeomba nipunguziwe, tungesogezana kidogo kidogo mpaka kila mmoja aondoke akidhani amemwibia mwenzake. Lakini mizunguko sijui inapunguzwa na nani.

Kilichonikumbusha ni simu ya mjomba wangu. Aliniita Buzebazeba nikaone uwanja wa nyuma ya nyumba ya bibi, maana anataka kujenga vyumba vya kupangisha na hataki baadaye niseme sikushirikishwa. Nikafunga duka langu pale Mwanga, hapa hapa Kigoma, nikaenda. Nikamkuta amesimama katikati ya uwanja na tepu ya kupimia shingoni kama fundi cherehani.

"Vyumba vinne," akasema kabla hata sijamaliza shikamoo.

"Vitatu," nikamwambia. Nilikuwa nimeshapiga hatua kutoka ukutani.

"Vitatu vipi wakati nimepima?"

"Na choo utaweka wapi, mjomba? Juu ya bati?"

Akafikiri. "Basi viwili na choo." Akaninunia kana kwamba chumba cha nne nilikibeba mfukoni. Kisha akapiga kisigino chini mara mbili. "Halafu hapa hapaoti kitu. Mvua zote hizi, hata jani moja. Udongo umekuwa kama sakafu."

Nikatazama alipokanyaga. Nyasi zilikuwa zimejaa uwanja mzima, isipokuwa njia moja nyembamba, nyeusi, iliyozunguka ikarudi ilikoanzia. Duara. Upana wake ni wa mtu na nusu. Mjomba alikuwa amesimama juu yake bila kuona kitu, na sikumshangaa. Hata zamani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka.

Zamani, pale katikati ya duara palisimama mashine ya bibi ya kukamulia mawese. Tuliiita mashine ingawa injini yake ilikuwa mimi. Lilikuwa pipa nene la chuma lililosimikwa kwenye saruji, ndani yake nondo ndefu iliyosimama wima, yenye meno kama ya reki. Juu ya ile nondo ulifungwa mti mrefu, umelala, ukatokeza nje mpaka usawa wa kifua cha mtu. Chikichi zikishachemshwa zikalainika zilimwagwa humo zikiwa za moto, nasi tukausukuma ule mti tukizunguka, tukizunguka, mpaka nyama ya chikichi iachane na kokwa na mafuta yaanze kutoka kwenye tundu la chini, mekundu kama jua la kiangazi. Bibi aliyachota, akayachemsha tena, akayaepua. Makapi yakawashia moto wa kesho. Kokwa zikaanikwa, zikangoja kupasuliwa kwa ajili ya mise, kile kiini cha ndani. Kwa bibi hakikutupwa kitu, na hakikupumzika kitu, mimi nikiwemo.

Siku za kukamua zilikuwa Jumatano na Jumamosi. Jumatano nilianza nikitoka shule, Jumamosi baada ya chai. Kila siku mipiko mitatu, yaani pipa lilijazwa mara tatu, na kila mpiko mizunguko mia na ishirini. Nilikuwa kidato cha nne, nakaa na bibi tangu nilipoanza darasa la kwanza, kwa hiyo ule uwanja niliujua kama mfungwa anavyojua kuta zake. Ukizunguka mara moja unaona vitu sita. Jiko, mpapai, ukuta wa jirani, mlango wa choo, lundo la chikichi lililofunikwa majani, halafu pengo kati ya mabati mawili. Katika lile pengo, kwa hatua tatu tu, unaliona Ziwa Tanganyika. Hatua tatu za bluu, kisha jiko tena. Mtumbwi ukipita kutoka upande wa Bangwe nilikuwa nauona kipande kipande. Mzunguko huu pua, mzunguko ujao mkia, mzunguko unaofuata haupo. Na honi ya treni ikilia stesheni, nilihesabu mizunguko mingapi imebaki, nikajua hata kama ile treni ingenisubiri mimi peke yangu, ingebidi isubiri sana.

Harufu ya kule bado ninayo. Moshi wa makapi, mvuke mtamu wa chikichi, na samaki wa jirani, migebuka, wakikaangwa upande wa pili wa ukuta kwa mafuta yetu wenyewe. Mchana tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoogelea kwenye mawese mpaka mdomo ukawa mwekundu kama wa bibi harusi. Nikiyaandika haya nameza mate, lakini usidanganyike. Miguu yangu haina hamu.

Tulikuwa watu watatu kwenye mti. Mjomba, jirani, na mimi. Jirani alikuwa mama mnene, mcheshi, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na kila alipoanza kusukuma aliimba malalamiko yake kama wimbo: "Miye nachoka, mama, miye nachoka!" Alikuwa halipwi ujira. Alisukuma kwetu, nasi tukamkamulia chikichi zake. Bibi hakusukuma. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na moto, kata mkononi, akisikiliza.

Hapa ndipo penye desturi ya uwanja ule, na bila desturi hiyo nisingekuwa na cha kusimulia. Chikichi zikiwa bado ngumu, mashine ilitoa mlio mzito wa kusaga, na mti ulitaka watu watatu. Ikifika mizunguko arobaini hivi, mlio ulibadilika, ukawa wa kunyonya, kama mtu anayetembea kwenye tope. Bibi akasema, "Mmoja ashuke." Mjomba alikuwa ameshashuka kabla neno halijaisha. Tukabaki wawili. Mizunguko arobaini mingine, mlio ukawa laini wa kuteleza, bibi akasema, "Wa pili ashuke." Jirani akashuka, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Arobaini ya mwisho ilikuwa ya mtu mmoja.

"Mgeni hashuki wa mwisho," bibi alisema. Maana yake anayemalizia lazima awe mtu wa nyumba ile, mla mafuta. Mjomba naye alikuwa mtu wa nyumba, lakini goti lake liliuma kila Jumatano na Jumamosi, siku nyingine zote likawa zima. Kwa hiyo mmaliziaji alikuwa mimi, kila mpiko, miaka na miaka.

Sasa mwalimu wa fizikia. Alikuwa kijana mwembamba, shati limejaa chaki, aliyepangiwa kwetu kutoka mbali na akakasirika kuanzia siku ya kwanza. Alisema katika darasa letu hakuna anayefikiri, tunakariri tu. Wiki mbili kabla ya likizo fupi akatugawia karatasi yenye maswali kumi na mawili ya kazi, nishati na nguvu, mengi ameyatoa kwenye kitabu cha kidato cha tano na cha sita.

"Hizi ni hesabu za wakubwa," akasema. "Atakayeniletea zote kumi na mbili, nitamfundisha jioni, wiki nne, bila malipo, mpaka mtihani. Nitampika aende akasome sayansi. Kumi na moja, usije. Na la kumi na mbili, ukipata elfu sabini na mbili, usije pia."

Nilitaka kwenda. Sikuwa na ndoto kubwa ya uhandisi wala udaktari. Nilitaka kuondoka. Shule za kidato cha tano za sayansi zilikuwa mikoa mingine, na huko, kwa hesabu yangu, hakuna mtu ambaye angenijua kama mmaliziaji. Njia pekee ya kutoka ndani ya lile duara ilikuwa ile karatasi.

Nikamwambia bibi. Aliniacha nimalize, akapuliza moto.

"Jioni gani hizo?"

"Kila siku, bibi. Na Jumamosi kutwa."

"Na chikichi zikasome na nani?"

"Mjomba yupo."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mke mwenzangu," akasema, ndivyo alivyoniita akiwa na furaha ya kunikatalia, "tafuta sababu yenye miguu. Chikichi haingoji. Ikishaiva imeiva."

Basi nikafanya maswali nikiwa kwenye mti. Ndivyo ilivyokuwa. Swali nalisoma kabla ya mpiko, nalizungusha kichwani mizunguko mia na ishirini, nikishuka naandika. Gari linapanda mlima wenye mwinuko fulani, injini yake ni ya wati ngapi? Nikalipata kati ya jiko na mpapai. Winchi inainua mzigo kwa mwendo usiobadilika. Nikalipata. Lifti inashuka na watu wanane, waya unakatika, chemchemi ya chini inawapokea, itabonyea kiasi gani? Lifti sikuwa nimeiona hata kwa macho, lakini wale watu wanane niliwaokoa kati ya mlango wa choo na lundo la chikichi. Siku nne kabla ya likizo nilikuwa na kumi na moja, na kila moja nimelikagua mara mbili.

La kumi na mbili lilisema hivi. Kani inasukuma kitu. Mwanzo ni niutoni mia sita. Kadiri kitu kinavyosogea ndivyo kani inavyopungua, kidogo kidogo bila kuruka, mpaka kitu kikifika mita mia na ishirini, kani imekwisha kabisa. Kazi iliyofanyika ni juli ngapi?

Mia sita mara mia na ishirini. Elfu sabini na mbili. Nikahesabu tena. Elfu sabini na mbili. Kila mlango niliofungua alikuwa amesimama mwalimu akisema usije.

Nikawaza kwamba tatizo langu ni kutojua kani inapungua vipi katika dunia ya kweli. Jumamosi hiyo nikaazima kwa jirani mizani yake ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Mpiko wa kwanza ulipoanza, nikawaambia kila baada ya mizunguko kumi tusimame. Nikaifunga mizani kwenye ncha ya mti kwa kamba, nikavuta taratibu mpaka mti uanze kusogea, nikasoma kilo, nikaandika mkononi kwa peni. Bibi alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa mtaa wa pili. Mjomba alipenda fizikia ile kuliko kitu chochote, maana kila kipimo kilikuwa mapumziko.

"Pima vizuri," alikuwa ananiambia, amekaa. "Usiwe na haraka. Sayansi haitaki haraka."

"Batoto ba siku hizi," akasema jirani, "banapima hata jasho."

Nilipima mara mbili kila kipimo. Nilipofika cha nane, mti ukakataa. Nikadhani mizani imeharibika. Jirani akachungulia ndani ya pipa, akaweka mkono mdomoni.

Chikichi zilikuwa zimepoa. Mafuta yaliyokwisha kuanza kuachia yalikuwa yamegandia kwenye makapi, mazito, ya rangi ya chungwa, kama uji wa jana. Mpiko mzima.

Bibi aliporudi hakupiga kelele. Alitia kidole, akakitazama, akakifuta kwenye khanga. "Umepima mpaka mafuta yamelala," akasema. Akawaambia mjomba na jirani waende nyumbani. Tukazichota chikichi sisi wawili, tukazirudisha kwenye moto, tukangoja, tukazimimina tena. Kisha akaninyooshea mti.

"Sukuma."

"Peke yangu, bibi? Huu ni wa watu watatu."

"Si umeshaupima? Unaujua. Sukuma."

Nikausukuma. Haukusogea hata upana wa ukucha. Nikaweka bega, nikaweka mgongo, nikachimba vidole vya miguu kwenye ile njia niliyoichimba mwenyewe kwa miaka. Hakuna. Nilikuwa natweta, natoka jasho mpaka machoni, na mwalimu alishatufundisha kwamba kitu kisiposogea, kazi uliyofanya ni sifuri. Nikaanza kulia, si kwa uchungu wa bega. Niliona maisha yangu yote yatakuwa hivyo, nimeegemea mti ambao hauendi, na lile pengo la mabati liko nyuma yangu.

Nikasikia kigoda kinasogezwa. Bibi akaja, akafunga khanga kiunoni, akaweka mikono yake miwili karibu na yangu. Ilikuwa ya moto kutokana na kata. "Haya," akasema. Mti ukasogea.

Ulisogea kwa shida, hatua kwa hatua. Karibu na mzunguko wa thelathini hivi nikaona jambo. Nikaona kwamba namwona bibi akisukuma kwa mara ya kwanza, na kwamba anajua kusukuma kuliko sisi sote. Hakutumia mikono. Alilaza mwili, akauacha uzito wake uende. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Hilo swali lako linasemaje?"

Nikamweleza. Kitu kinasukumwa, mwanzo kizito, kinazidi kuwa chepesi, mwisho hakina uzito.

"Ego," akasema bibi. Ndiyo. "Si mpiko huo? Watatu, wawili, mmoja."

Nilisimama. Akanipiga kiwiko. "Usisimame, yatalala tena!"

Nikaendelea kutembea, lakini kichwa kilikuwa kimeshashuka kwenye mti. Watu watatu mizunguko arobaini, mia na ishirini. Wawili mizunguko arobaini, themanini. Mmoja, arobaini. Jumla mia mbili na arobaini. Mtu anayesema tumesukuma watu watatu mizunguko yote mia na ishirini atapata mia tatu na sitini, na atakuwa mwongo, maana mjomba alishakwenda kukaa. Elfu sabini na mbili ndiyo jibu la mtu asiyejua kwamba mjomba ameshuka.

Na kama tungekuwa sita, anashuka mmoja kila mizunguko ishirini? Nikahesabu kwa vidole kwenye mti: mia nne na ishirini, badala ya mia saba na ishirini. Wakiwa kumi na wawili, wanashuka kila mizunguko kumi? Mia saba na themanini, badala ya elfu moja mia nne na arobaini. Kila nikiongeza watu, jibu lilizidi kusogea kwenye nusu. Na kama tungekuwa elfu moja, na kila hatua anashuka mmoja, kimya kimya bila mtu kushtuka, ingekaribia kabisa nusu. Elfu thelathini na sita. Nililipata tukipita kwenye pengo, na ziwa lilikuwepo, hatua tatu.

Sasa mimi jibu likishaingia mkononi siwezi kuacha kulifanyia biashara. "Bibi," nikasema, "katika mia mbili na arobaini, mia na ishirini ni zangu. Mjomba arobaini, jirani themanini. Nusu ya kazi ya mashine hii naifanya mimi."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

"Na kuni umehesabu? Nani aliyezileta? Na moto? Si umeona leo zilivyopoa, hata ungeleta wanaume kumi. Anayekamua ni moto, sisi tunausaidia." Tukazunguka kidogo. "Lakini nusu ni nusu," akasema. "Unataka nini kwa nusu yako?"

"Wiki nne."

"Mbili."

"Mwalimu amesema nne, bibi. Mbili ni sawa na kutokwenda."

Alisukuma mizunguko miwili mizima. Niliihesabu. "Nenda," akasema. "Nafasi yako haitabaki tupu."

Ni mimi ninayeulizia bei ya chumvi maduka matatu kabla ya kununua. Siku ile sikuuliza nafasi itajazwa na nani.

Mwalimu aliipokea karatasi yangu, akaenda moja kwa moja kwenye la kumi na mbili. Nilikuwa nimechora watu elfu moja wakishuka kwenye mti, yaani nimechora kumi, nikaweka nukta nukta. Akaitazama muda mrefu. "Hii njia umeitoa kitabu gani?" Nikamwambia ni ya nyumbani. Akaweka alama ya vema, na nadhani siku ile ndiyo pekee niliyomwona akitabasamu Kigoma.

Nikasoma wiki nne. Jioni narudi, mafuta yako kwenye madumu, uwanja umefagiwa, bibi amelala mapema, amejipaka dawa ya kuchua yenye harufu kali. Nilimwona akichechemea, nikajiambia ni uzee. Mjomba sikumuuliza, yeye naye hakujitolea kusema.

Jumamosi ya tatu nilisahau daftari. Mwalimu akanirudisha nyumbani saa nne asubuhi. Nilipokaribia ua wa nyuma nikasikia mlio laini wa kuteleza, ule wa mmaliziaji, nikachungulia kwenye upenyo wa makuti.

Mjomba alikuwa amekaa. Jirani alikuwa anajifuta jasho. Kwenye mti alikuwepo bibi peke yake, goti limefungwa kitambaa cha khanga kuukuu, amelaza mwili, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu kwa Kiha, kwa sauti ndogo. Kila alipofika kwenye pengo la mabati hakuangalia ziwa. Aliangalia chini, pa kuweka mguu.

Rafiki yangu, nimekusimulia mengi kwa utani, hili sina utani nalo. Nilisimama pale nikamhesabia mizunguko kumi na mmoja. Nilijua kabisa nikisukuma mlango wa ua ataniambia rudi shule, na nilijua pia kwamba sitaweza kurudi. Ningeshika mti, na nikishaushika sitauachia tena. Nikageuka. Nilimwambia mwalimu daftari sikuliona.

Mtihani nilifaulu. Nikapangiwa shule ya mkoa mwingine, nikapanda ile treni, na bibi alinisindikiza stesheni na fimbo mkononi, na dumu dogo la mawese. "Mgeni hashuki wa mwisho," akaniambia pale dirishani. Nilidhani ananitania kwamba nisipitilize kituo; baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananishusha kwenye mti. Hakunitajia goti, nami sikumtajia upenyo wa makuti. Alifariki nikiwa kidato cha sita, wakati wa mitihani, na nikaambiwa baada ya kuzikwa. Mashine ikakaa pale miaka, mjomba akaiuza chuma chakavu. Siku hizi chikichi zinapelekwa kwenye mashine za injini, mpiko mmoja ni dakika chache, na hakuna anayesikiliza mlio ajue nani ashuke.

Mimi nauza taa na paneli za jua. Ndiko fizikia ilikonifikisha, umbali wa kutembea kutoka pale nilipoanzia. Wateja huniuliza wati, nami nawajibu bila kuangalia kitabu, maana niliwahi kujipima mwenyewe. Mzunguko mmoja sekunde kumi na tano, wati themanini na kidogo. Paneli ndogo ya mia moja inanishinda, na haili.

Siku ile na mjomba, alipokwenda kujibu simu, nilivua viatu nikaingia kwenye duara. Nilitaka kulipa hata mpiko mmoja. Nikazunguka. Jiko halipo, mpapai haupo, pengo limezibwa na nyumba ya ghorofa moja. Nilifika mizunguko arobaini nikasimama. Hakukuwa na mti wa kuegemea, kwa hiyo sikuwa nasukuma kitu. Kwa fizikia niliyofundishwa, nilikuwa sijalipa hata juli moja.

Nikarudi dukani nikafanya hesabu. Mipiko mitatu kwa siku, siku mbili kwa wiki, wiki nne, ni mipiko ishirini na minne aliyomaliza badala yangu. Kila mpiko mizunguko mia na ishirini. Mzunguko mmoja mita kumi na mbili na nusu, kani ya mtu mmoja niutoni mia moja, kwa ile mizani ya samaki. Juli laki moja na nusu kwa mpiko. Na nishati hiyo, ukiitafuta kwenye chakula, ni kijiko kimoja cha chai cha mawese. Kijiko kimoja! Ishirini na vinne havijazi kikombe, vinafika nusu. Ukisema mwili hupoteza nishati nyingi kwa jasho na joto, zidisha mara nne, ni vikombe viwili.

Nimeyapima. Yako hapa mezani kwenye kikombe cha bati, nusu, mekundu, yameanza kulala kwa sababu leo kuna baridi. Mjomba anataka jibu kabla ya Ijumaa ili aanze msingi, na msingi utapita juu ya duara. Wewe uliyesoma zaidi yangu, au uliyelelewa na mtu kama yule, ukipita Mwanga ingia dukani unitazamie hii hesabu. Kila nikihesabu napata nusu kikombe. Nionyeshe nimekosea wapi.